Jirani wa Sura ya Saba

Kericho,
Jumapili, 9 Machi 2025

Kwa dada yangu Aluoch,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Sisi ni wazima, isipokuwa mguu wa Baba ambao siku hizi unatabiri mvua kuliko redio. Wifi yako Jentrix anakusalimu. Tangu zije zile mashine za kuchuma majani ya chai amebakiwa na siku tatu za kazi kwa wiki, na hizo nyingine anazitumia kunifundisha kuishi. Phanice wetu yuko kidato cha tatu, akija likizo anaongea Kiingereza hata na kuku. Mimi bado niko boila kiwandani, nalisha moto kuni.

Utauliza kwa nini nakuandikia barua kama mtu wa zamani. Ukipiga simu, Baba anadai iwekwe spika, na ikiwekwa spika Bitutu wa nyumba ya jirani anaitikia salamu kabla yetu. Kuna mambo sitaki yasikiwe na Bitutu, wala na Baba.

Kitabu chako kimefika. Baba alikishika kwa mikono miwili, akauliza kama picha ya nyuma ni wewe au ni mtu wa serikali. Tangu siku hiyo nikitoka zamu, tukishakunywa chai ya saa kumi, lazima nimsomee. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne cha mwaka 1989, kwa hivyo nasoma aya moja, nafikiri, halafu namwambia kwa Kijaluo. Tumemaliza sura mbili. Anawapenda sana hao Wadalit wako wa India, watu waliozaliwa wakaambiwa kazi yao ni kuondoa uchafu wa wengine na wasiguswe na mtu. Anashangaa kwamba waliandika vitabu, na kwamba mtoto wake analipwa mshahara kuvisoma. Pale unapomtaja mtoto aliyekalishwa nje ya mlango wa darasa, alinisimamisha akasema, "Hao watu tunajuana."

Kila jioni ananiuliza swali moja: "Mimi niko wapi?" Ulimwambia mwenyewe kwenye spika kwamba sura ya saba ni ya Kericho. Nimemwambia kitabu hakirukwi, tutafika.

Lakini Aluoch, mimi nimeshaifungua sura ya saba. Nimeisoma mara mbili na kamusi ya Phanice. Nitakuandikia siku nyingine.

Ndugu yako,
Oyoo

*

Pune,
2 Aprili 2025

Kaka Oyoo,

Nimecheka sana na habari za kuku. Huku India joto limeanza, mchana hakuna anayetoka nje ila wanafunzi wangu, ambao hawachoki kuuliza maswali. Nimebakiza miezi mitatu hapa, kisha narudi Nairobi. Nimewatumia dawa ya mguu wa Baba kupitia mwenzangu anayesafiri. Apakwe asubuhi na jioni, na asiambiwe bei.

Nina habari njema. Kitabu kitazinduliwa Jumamosi tarehe 16 Agosti, na wakubwa wa chuo wameamua kwamba kwa kuwa sura ya mwisho ni ya kwetu, uzinduzi ufanyike Kericho mjini, katika ukumbi wa hoteli. Watakuja maprofesa kutoka vyuo vitatu. Fikiria, kaka, mtoto wa laini za wafanyakazi wa chai!

Kuhusu kumsomea Baba, naona unajitesa. Sura za kwanza zina hadithi, zinamfaa. Hiyo ya saba ni nadharia tupu, hata wanafunzi wangu inawalaza. Iruke. Mwambie imejaa maneno makubwa.

Ulisema utaniandikia jambo. Jambo gani?

Nyanya zenu za bustanini zilipona ule ugonjwa?

Dada yako,
Aluoch

*

Kericho,
Jumapili, 11 Mei 2025

Dada,

Barua yako ilikaa posta siku kumi na moja kwa sababu ufunguo wa sanduku la kanisa uko kwa Dorcus, na Dorcus alikuwa Mulot kwa bintiye aliyejifungua. Mtoto ni mzima. Nyanya zilikufa zote. Dawa ilifika na Baba anaipaka mpaka kwenye mguu mzima ili isiharibike.

Umeniuliza jambo gani. Unalijua, lakini nitalisema mimi kwa kuwa ndimi mkubwa. Umeandika hivi, na kama nimekosea kutafsiri unirekebishe wewe mwenye kazi: "Katika laini tulimokulia, baba yangu alikuwa karani wa mizani. Jirani yetu wa nyumba ya mwisho, mzee O., ndiye aliyekuwa topasi. Alisafisha vyoo vinane vya laini yetu kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa mlevi mpole aliyeishi peke yake, na watoto tulikimbia tulipoona ndoo zake."

Dada, mizani ya Baba ilikuwa wapi? Karani wa mizani alikuwa baba yake Atuti, yule aliyeibia watu kilo. Nyumba ya mwisho ndiyo hii ninamoandikia. Nilipoajiriwa na kuomba nyumba, nilipewa hii hii bila foleni, kwa sababu hakuna aliyeigombania. Na huyo mlevi umemtoa wapi? Mimi ndiye ninayekunywa katika ukoo huu, na hata mimi mwisho wa mwezi tu.

Nilitaka kuiruka kama ulivyoniambia. Lakini Baba anajua kuhesabu. Tulipomaliza ya sita akasema, "Sasa ni ya saba," akavaa kofia yake ya kwendea kanisani, ndani ya nyumba, ili asomewe. Ningefanya nini? Nikamsomea. Nikasema umeandika: "Baba yangu, Daniel Opondo, alikuwa topasi wa laini yetu, na mikono yake ndiyo iliyonisomesha." Nikaongeza na Mama. Nikasema umeandika jinsi wanawake wa laini walivyokuwa wakigawana kazi za matanga, huyu chapati, huyu mchele, na Mama kila mara akapangiwa kuni, kwa sababu hakuna aliyetaka kula kilichopikwa na mke wa topasi. Hilo nililitoa kichwani mwangu, Profesa, kwenye kitabu chako halimo hata mstari mmoja.

Baba alilia. Sijamwona akilia tangu tumzike Mama. Akasema, "Kumbe aliona."

Sasa nimekuharibia, au umejiharibia. Ametangaza kanisani kwamba yumo kitabuni kwa jina lake. Kwaya inataka kukodi gari kuja kwenye uzinduzi. Amenunua tai.

Oyoo

*

Pune,
29 Mei 2025

Kaka,

Nilisoma barua yako nikiwa ofisini nikafunga mlango. Sijui nianze wapi, kwa hivyo naanza na hasira. Nani alikupa ruhusa ya kuandika kitabu changu upya? Kitaaluma kuna taratibu. Mtafiti huwalinda watu anaowaandika, hubadilisha majina, idadi, tabia, wasitambulike. Hata ile pombe ni kwa sababu hiyo. Mhariri wangu mwenyewe alisema...

Nimeikata hiyo sentensi. Mhariri hakusema chochote, hajui chochote.

Oyoo, unakumbuka fomu ya kuingia sekondari? Palikuwa na mstari wa kazi ya mzazi. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikaandika karani, akaona, akaniambia niandike kwa herufi kubwa ili isomeke. Yeye mwenyewe tulipokuwa tukienda nyumbani kwetu ziwani alikuwa akibadilisha nguo pale stendi ya Kericho na kusema yuko Idara ya Afya. Nilidhani ni jambo tulilokubaliana familia nzima. Baada ya hapo niliandika karani kwenye kila karatasi. Nikawaambia marafiki, nikawaambia waliokuja kunichumbia, nikawaambia walionipa uprofesa. Kwenye jalada nimejiita Magdaline Aluoch tu, jina la Baba nimeliacha.

Halafu nikaja kuwasoma watu wanaoandika waziwazi kwamba mimi ni mtoto wa mzoa mavi, na jina langu ni hili. Huwa nasimama mbele ya wanafunzi nikiwasifu kwa ujasiri wao. Wanafunzi wawili darasani mwangu ni Wadalit. Mmoja aliniuliza, "Madam, ulijuaje haya yote?" Nikamwambia kwa kusoma.

Nina aibu. Nimeliandika, sasa utalisoma mara nyingi upendavyo.

Lakini nakuomba jambo moja na usinihukumu. Baba asije tarehe 16. Kuna watu pale wamenijua miaka ishirini kama binti wa karani. Mwambie ukumbi ni mdogo. Nitakuja baadaye nimweleze taratibu.

Aluoch

*

Kericho,
Jumapili, 6 Julai 2025

Aluoch,

Tumepata mvua ya mawe, majani yameharibika upande wote wa mto. Jentrix mzima. Mimi mzima.

Sikumwambia Baba kwamba ukumbi ni mdogo. Kuna methali nilitaka kuiandika hapa, lakini unaijua na wewe ndiye mwalimu.

Sikuweza pia kumwambia ukweli, kwa hivyo ulijisema wenyewe. Phanice alikuja mapumziko ya katikati ya muhula mimi nikiwa zamu. Baba akamwomba amsomee tena ule ukurasa wake. Mtoto hajui kuruka. Akasoma kama ulivyo na kutafsiri neno kwa neno, na anajua Kiingereza kuliko mimi. Jentrix alikuwa jikoni, ndiye aliyenisimulia.

Phanice alipofika kwa jirani mlevi alisita. "Babu, hapa sielewi, ni kama wamekosea."

"Hawajakosea. Endelea."

Akaendelea mpaka mwisho. Baba akamwambia arudie tangu juu. Akarudia. Akauliza, "Vyoo amesema vingapi?"

"Nane, Babu."

"Vilikuwa kumi na sita. Nane vya juu na nane vya huku." Kisha akaongeza, "Na pombe mimi sijawahi onja."

Ni hayo tu. Nilipofika nyumbani nikamkuta amekaa, nikaanza kujitetea, nikamwambia nilidanganya kwa mapenzi. Akaniambia ninywe chai kabla haijapoa.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akawaambia kwaya wasikodi gari, kwa sababu ukumbi ni mdogo. Nilikuwa nimekaa pale, Aluoch. Sikuwa nimemwambia neno hilo. Alilitafuta mwenyewe, ili mtu yeyote anayemjua asifike huko akakuaibisha.

Yeye anasema atakuja. Na Phanice tu.

Oyoo

*

Nairobi,
27 Julai 2025

Kaka,

Nimerudi salama. Nimeandika hotuba mpya, kurasa mbili. Inaanza na jina lake lote, na kazi yake, na vyoo kumi na sita. Nimeisoma mbele ya kioo mpaka nimeikariri. Nitaitoa siku hiyo mbele ya watu wote. Mwambie aje. Akae mbele.

Ungeweza kuniuliza kwa nini nisipande gari kesho nije nimwambie yeye kwanza. Nina vikao wiki nzima.

Aluoch

*

Nairobi,
24 Agosti 2025

Kaka Oyoo,

Hukuja. Phanice alisema una zamu, na sikumwamini. Najua Baba hatakuwa amekuambia kitu, na Phanice atakuwa amekuambia nusu. Nakuandikia yote.

Walifika mapema kuliko maprofesa. Mimi niliingia na wakubwa wa chuo kupitia mlango wa pembeni, nikamwona amekaa safu ya mwisho kabisa karibu na mlango, amevaa koti na ile tai. Nilimtuma msichana wa mapokezi amlete mbele. Akarudi akasema, "Mzee anasema hapo yuko sawa." Ningeweza kwenda mwenyewe. Ilikuwa hatua thelathini. Nilikuwa nimeshika glasi ya maji na mkubwa wa kitivo alikuwa akiniongelesha.

Mshereheshaji akanitambulisha: binti wa karani wa mizani aliyepanda mpaka kuwa profesa. Watu wakapiga makofi. Akaomba familia ya profesa isimame. Nikaona Phanice anainuka na Baba anamshika sketi anamkalisha. Hakusimama mtu. Mshereheshaji akasema labda familia imekwama njiani, watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Hotuba ilikuwa kwenye faili. Niliifungua, nikaona jina lake pale juu, na mdomo wangu ukasoma shukrani kwa mchapishaji. Sijui jinsi ya kukueleza. Si kwamba niliogopa. Makofi yalikuwa matamu, Oyoo, nikataka yaendelee kidogo tu, nikajiambia nitasema baadaye kidogo. Nikasoma ukurasa wa sura ya saba, ule ule, na huyo mlevi ndani yake, naye amekaa ananisikiliza.

Wakati wa maswali kijana mmoja akasimama. "Profesa, huyo jirani yenu, yule topasi, aliishia wapi?"

Nikasema, "Yuko hai." Nikafunga faili.

Baba akasimama. Unajua jinsi anavyosimama na ule mguu, ilichukua muda, watu wote wakageuka. Akasema, "Niko hapa. Mimi ndiye huyo jirani. Vyoo vilikuwa kumi na sita, si nane. Na pombe sijaonja tangu nizaliwe. Hayo mengine ameandika vizuri."

Walimpigia makofi kuliko walivyonipigia mimi. Maprofesa walisimama. Wakamleta mbele wakimshika mikono, ile mikono, kila mtu akataka kuishika. Mama mmoja alilia. Wakatusimamisha pamoja tupigwe picha. Mpiga picha akatoa kijitabu aandike majina. Akamwuliza, "Mzee, wewe ni nani wa profesa?"

Baba aliniangalia mimi. Alinisubiri, Oyoo. Naapa alinisubiri, muda mrefu mpaka mpiga picha akainua macho. Na mimi nikajishughulisha kurekebisha kitambaa changu begani.

"Jirani," akasema.

Kisha akanipa mkono kama anavyompa mgeni, akaniambia kwa Kiswahili, si kwa Kijaluo, "Hongera, Profesa." Wakaondoka yeye na Phanice kabla ya chakula.

Nimekuwa mgonjwa wiki nzima. Sina ugonjwa. Nimefundisha miaka kumi na mbili kuhusu watu waliokataliwa na wengine, na sijawahi kuandika mstari mmoja kuhusu anayekataa. Nataka kuja. Sijui kama nastahili kufika mlangoni. Niambie wewe. Na barua hii, msomee au usimsomee, nakuachia.

Aluoch

*

Kericho,
Jumapili, 7 Septemba 2025

Dada yangu,

Mvua ni nzuri sasa, majani yamechipua tena. Phanice amerudi shuleni, kabla ya kwenda alifunga kitabu chako kwa gazeti, sijui ni kwa heshima au ni kwa hasira, sikumwuliza.

Kweli sikuwa na zamu siku ile. Nilikaa nyumbani kwa sababu sikutaka kukuona ukishindwa. Na nisijifanye malaika. Nilipokuwa nikimchumbia Jentrix, mwaka mzima nilimwambia Baba ni wa mizani. Alipokuja kujua, alinicheka, ndiyo bahati yangu. Wewe hukupata wa kukucheka mapema.

Barua yako nimemsomea Baba, pamoja na ile ya Mei yenye habari za fomu. Zote mbili, hata pale pa makofi matamu, hata pa kitambaa. Nilisoma pole pole na sikuongeza kitu. Alisikiliza amefumba macho nikadhani amelala. Nilipomaliza akasema, "Ile fomu ya shule, ni kweli. Nilimwambia aandike kwa herufi kubwa." Halafu akasema, "Mimi nilimfundisha vibaya. Lakini nilimfundisha akiwa mtoto, na sasa ana mvi."

Nikamwuliza nikujibu nini. Amenipa maneno haya na kunirudishia mara tatu ili nisiyatengeneze.

Uje. Jumamosi au siku yoyote, hana safari. Lakini gari lisikulete mpaka mlangoni. Ushukie pale getini kwenye mizani ya majani, utembee laini yote kwa miguu, mchana, watu wakiwa nje. Unajua desturi ya huku haijabadilika, hupiti mlango wa mtu bila kusalimu, na kila utakayemsalimu atakuuliza unaenda kwa nani. Anasema kila nyumba ikikuuliza, ujibu. Usiseme unaenda kwa Oyoo. Usiseme unaenda nyumba ya mwisho.

Nilimwambia ni mbali kwa mtu aliyezoea lifti. Akasema yeye aliitembea miaka ishirini na sita na ndoo mbili, na hakuna aliyemuuliza anaenda wapi.

Nyumba ni thelathini na mbili, dada. Ya kwanza siku hizi anakaa Atuti, mtoto wa karani.

Ndugu yako,
Oyoo